Kabla Hujalipia Puto la Shingoni

Watu wanaoishi na maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wengi huutaja kwa herufi zake mbili tu, MS, husoma sana. Hawana budi. Ugonjwa wenyewe humpata mtu katika umri wa kujenga maisha, mara nyingi kati ya miaka 20 na 40, wanawake wengi kuliko wanaume. Jicho moja linafifia wiki mbili tatu, kisha linarudi. Mwaka unaofuata mguu unakufa ganzi. Halafu unakuja uchovu ambao kulala hakuuondoi, na ambao jamaa nyumbani huuita uvivu. Daktari akishaeleza kwamba kinga ya mwili imegeuka na kushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, mgonjwa huuliza kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: imegeuka kwa sababu gani? Jibu likiwa fupi, hulitafuta mwenyewe. Akilitafuta hukutana na wenzake, na katika mazungumzo yao haichukui muda kabla mtu hajaitaja shingo.

Shingo, kwa maana ya vena zinazoshusha damu kutoka ubongoni. Nadharia kwamba MS ni ugonjwa wa mishipa ya damu imezikwa zaidi ya mara moja, na kila mara imefufuka. Sina nia ya kumwambia mgonjwa aache kuizungumza. Nataka aizungumze bila kupoteza fedha zake, dawa zake wala uhai wake. Kwa kazi hiyo kisa cha Italia na Kanada, kilichopamba moto mwaka 2009 na kufika ukingoni mwaka 2017, kinatosha kuwa shule, kwa sababu maswali yake makubwa yaliulizwa na yakajibiwa.

Paolo Zamboni alikuwa bingwa wa mishipa ya damu katika Chuo Kikuu cha Ferrara, Italia. Mke wake aliugua MS, naye akaanza kuuchunguza ugonjwa huo kwa macho ya mume na ya daktari wa vena. Alikuwa amezoea kuona miguu ya watu ambao vena zao zimechoka: damu inatuama, madini ya chuma yanabaki kwenye ngozi, ngozi inageuka rangi na mwishowe inafanya vidonda. Akajiuliza kama jambo kama hilo haliwezi kutokea ubongoni. Mwaka 2009 alichapisha utafiti wa watu 65 wenye MS na 235 wasio nayo, wote wakiwa wamepimwa kwa ultrasaundi. Kwa vigezo vyake, kila mwenye MS alikuwa na kasoro ya vena, na kati ya wale wengine hakuwa nayo hata mmoja. Kasoro hiyo akaipa jina refu ambalo watu walilifupisha kuwa CCSVI: damu inashindwa kushuka vizuri kwa sababu vena za shingoni, au ile ya azigosi iliyo kifuani, zimebana. Kabla mwaka haujaisha akachapisha matokeo ya kuwatibu watu 65 kwa kutanua vena hizo.

Namna ya kutanua si ngeni kwa wenye maradhi ya moyo. Daktari hupitisha mrija mwembamba, katheta, kwenye mshipa wa kinena, huupandisha hadi shingoni, kisha hujaza kijiputo kilicho kwenye ncha yake ili kupanua penye wembamba. Hakuna kisu kikubwa, na mgonjwa huweza kwenda zake siku hiyo hiyo au kesho yake.

Novemba 2009 kituo cha televisheni cha CTV nchini Kanada kilirusha kipindi kuhusu kazi ya Zamboni. Kanada ni miongoni mwa nchi zenye MS nyingi zaidi duniani ukilinganisha na idadi ya watu wake. Tiba ikapewa jina la ukombozi, na ujumbe wake ulishikika kirahisi: bomba limeziba, lizibueni. Fikiria walikotoka hao watu. Kwa miaka walikuwa wakielezwa habari za chembe za kinga, jeni, vitamini D na virusi, mambo yasiyoshikika, huku dawa nyingi za MS zikiwa sindano za kujichoma nyumbani ambazo baadhi huacha homa na maumivu. Sasa amekuja daktari anayeonyesha kwa kidole mahali palipobana. Mimi siwalaumu waliofurahi.

Lakini rudi kwenye hesabu ile. Wote upande mmoja, sifuri upande wa pili. Matokeo ya namna hiyo katika tiba ya binadamu yakushtue kabla hayajakufurahisha, kwa maana miili yetu haijipangi hivyo. Kipimo chenyewe cha ultrasaundi kinashikwa kwa mkono. Mpimaji akikibonyeza kidogo zaidi, vena inabonyea. Mtu ambaye hajanywa maji ya kutosha, vena zake huwa nyembamba. Akilala chali zinajaa; akiketi wima zinajibana zenyewe, na damu inashuka kwa njia za nyuma, kando ya pingili za shingo. Huo si ugonjwa, ndivyo tulivyoumbwa. Tena mpimaji akijua kwamba aliyelala mbele yake ni mgonjwa na anayefuata ni mzima, jicho lake litaona linachotarajia, hata kama moyoni hana udanganyifu wowote.

Ndiyo maana swali la kwanza la kuulizana, mtu akileta nadharia mpya mezani, ni hili: kitu hicho kinaonekana kwa wagonjwa zaidi kuliko kwa wazima, pale ambapo mpimaji hajui ni nani? Watafiti wa Buffalo, Marekani, walipolifanyia kazi, mwaka 2011 walitangaza kwamba asilimia 56 ya wenye MS walikuwa na dalili za CCSVI, na asilimia 23 ya wazima vilevile. Ile mia kwa mia ikawa imeshakufa. Italia kwenyewe, utafiti mkubwa ulioitwa CoSMo, wenye watu zaidi ya 1,700 na wasomaji wa picha waliofichwa hali za waliopimwa, ulikuta asilimia 3 kwa wenye MS na asilimia 2 kwa wazima. Kisha Anthony Traboulsee na wenzake wa Kanada hawakuishia kwenye ultrasaundi, wakaingiza katheta na kupiga picha vena zenyewe kwa ndani. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2013, ndiyo ninayoyapenda kuliko yote kwa uwazi wake. Walioonekana kuwa na vena iliyobana kwa zaidi ya nusu walikuwa asilimia 74 ya wenye MS, asilimia 66 ya ndugu zao wa tumbo moja, na asilimia 70 ya watu baki. Yaani ukichukua watu kumi, wawe wagonjwa au wazima, karibu saba wana vena iliyobana mahali fulani. Mshipa uliobana unaoonyeshwa kwenye picha yako unaweza kuwa wa kweli kabisa na usiwe na uhusiano wowote na ugonjwa wako.

Hapo wengi husema: haya, sababu hatuijui, lakini watu wamezibuliwa na wamepona, tumewaona kwa macho. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote katika mazungumzo ya wagonjwa, na haifai kudharauliwa. Aliyesema kwamba miguu yake ilipata joto usiku uleule, ukungu ukamtoka kichwani, akapanda ngazi bila kushika ukuta, hakuwa akisema uongo. Ila MS, kwa aina yake iliyo ya kawaida zaidi, hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hutafuta tiba ya mbali akiwa katika hali mbaya, na baada ya hali mbaya nafuu huja mara nyingi hata asipofanya lolote. Uchovu na ukungu wa akili hupimwa kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe, na mgonjwa aliyeuza kiwanja ili asafiri ana kila sababu ya kujibu kwamba anajisikia vizuri. Kuna pia joto. Wenye MS wanajua jinsi jua linavyowazidishia dalili. Mtu wa Mombasa au Tanga akipelekwa kulala wiki nzima katika chumba chenye kiyoyozi, anaweza kutembea vizuri zaidi hata kabla hajaguswa na daktari. Na walioharibikiwa? Mara nyingi hunyamaza. Mwenye nafuu hurekodi video, asiye nayo hurudi kitandani.

Njia ya kutenganisha mambo hayo ni moja tu, na ni ngumu kwa moyo. Wagonjwa wanapigiwa kura. Wote wanaingia chumba cha upasuaji, wote wanachomwa ganzi, wote wanaingiziwa katheta. Nusu yao puto linajazwa, nusu halijazwi. Anayewapima baadaye hajui nani yuko kundi gani, na wao wenyewe hawaambiwi. Kanada ilifanya hivyo kwa watu 104 katika miji ya Vancouver, Winnipeg, Montreal na Quebec. Waliopata tiba ya kuigiza waliahidiwa kwamba baada ya wiki 48 zamu yao ya puto itafika, jambo la haki kabisa kwa mtu aliyekubali kulala pale kwa faida ya wenzake. Matokeo yalitangazwa Machi 2017: makundi mawili hayakutofautiana, si kwa picha za MRI, si kwa vipimo vya ulemavu, si kwa majibu ya wagonjwa kuhusu hali ya maisha yao. Miezi minane baadaye yakatoka ya Italia, utafiti ulioitwa Brave Dreams, wenye wagonjwa 115 wa ile aina ya kupanda na kushuka. Kiongozi wake alikuwa Zamboni mwenyewe. Yeye na wenzake waliandika kwamba tiba hiyo haina faida ya maana na haiwezi kupendekezwa kwa wenye MS. Kwa mtu aliyeanza safari hiyo kwa ajili ya mke wake, kutia sahihi maneno yale si jambo dogo, na mimi namheshimu zaidi kwa utafiti huo kuliko kwa ule uliompa umaarufu.

Kati ya 2009 na 2017 maelfu walikuwa wameshasafiri. Waliokataliwa nyumbani walikwenda Poland, Bulgaria, India, Mexico na Costa Rica, wengi wakilipa zaidi ya dola 10,000 kwa kazi ya saa chache. Karibu nusu ya vena za shingo zilizotanuliwa katika utafiti wa awali wa Zamboni zilikuwa zimebana tena ndani ya miezi 18, kwa hiyo wapo waliorudia. Baadhi ya kliniki ziliacha ndani ya vena stenti, vile vipande vya waya vya kuzuia mshipa usibane. Vena si ateri: kadiri inavyokaribia moyo ndivyo inavyozidi kuwa pana, na stenti ikichomoka husafiri na damu. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, stenti ya mgonjwa mmoja ilifika moyoni ikabidi afunguliwe kifua, na mwingine alikufa kwa kuvuja damu ubongoni akiwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Chuo kikasimamisha kazi hiyo kabla mwaka 2009 haujaisha. Mwaka 2010 Mkanada aliyetibiwa Costa Rica alifariki baada ya damu kuganda kwenye stenti yake. Mei 2012 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ikatoa onyo kwa umma.

Wasomaji wa Tanzania na Kenya hawahitaji kuelezwa sana namna homa ya tumaini inavyopanda. Miaka ileile, mwaka 2011, barabara ya kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, ilijaa magari ya waliofuata kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kikombe chenyewe kilikuwa nafuu kuliko puto, lakini hasara iliyotisha ilikuwa ileile: watu kuacha dawa zao wakiamini wameshapona. Mwenye MS anayeacha dawa ya kutuliza kinga anaweza kupata shambulio jipya, na ulemavu unaoachwa na shambulio haurudi nyuma kwa kupenda. Kwa hiyo, hata ukiamua kujaribu jambo ambalo daktari wako halikubali, dawa zako usiziache kabla hujazungumza naye.

Sasa niseme upande mwingine, maana haki ni haki. Utafiti wa Kanada usingefanyika bila kelele za wagonjwa. Mwaka 2010 mashirika ya MS ya Kanada na Marekani yalitoa dola milioni 2.4 kwa tafiti saba za vena, kwa sababu wanachama walidai. Mwaka uliofuata serikali ya Kanada ilikubali kugharimia majaribio ambayo wataalamu wengi waliyaona ni kupoteza fedha. Mimi sioni kwamba zilipotea. Swali lililosumbua mamia ya maelfu ya watu lilipata jibu ndani ya miaka minane. Kilichochelewesha jibu kilikuwa, kwa sehemu, kliniki za kulipia: majaribio yaliyopangwa Albany, jimbo la New York, yalivunjika kwa kukosa washiriki wa kutosha. Mtu anayeweza kununua puto leo hataki kura inayoweza kumpa katheta tupu. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya kununua tiba isiyothibitishwa na kujiunga na majaribio halali, jiunge na majaribio.

Haya, mtaizungumzaje? Tuseme shangazi yako aliye Toronto ametuma kwenye kundi la familia video ya mtu aliyeamka kwenye kiti cha magurudumu. Usimjibu kwa kejeli. Ameituma kwa upendo. Mwulize kwa adabu: "Shangazi, huyu alitibiwa lini, na leo hii yukoje?" Video nyingi za aina hii hupigwa siku ya tatu au wiki ya pili. Unachotaka ni habari za mwezi wa kumi na mbili. Mwulize pia kama mtu huyo aliendelea na dawa, kama alipewa steroidi hospitalini, kama alianza mazoezi ya viungo baada ya matibabu. Mazoezi peke yake hurudisha hatua kwa watu wengi, na hayahitaji pasi ya kusafiria.

Katika kikundi cha wagonjwa mnaweza kwenda mbali zaidi. Wekeni utaratibu kwamba anayeleta ushuhuda alete na kipimo. Kipimo kimoja hakigharimu chochote: pima mita nane kwenye korido, weka alama kwa chaki, tembea kwa mwendo wa haraka ulio salama huku mtu akihesabu sekunde kwa simu. Fanya hivyo kila mwezi, kwa viatu vilevile, saa ileile, ikiwezekana asubuhi kabla ya joto. Andika kwenye daftari. Baada ya mwaka utakuwa na ushahidi kuhusu mwili wako ambao hata daktari bingwa hana, na siku ukibadilisha dawa, chakula au mazoezi utaona kama kweli kuna kilichobadilika au ni furaha ya wiki ya kwanza.

Kwa daktari, nenda na swali lililoandikwa. Madaktari wengi hukunja uso wakisikia "nimesoma mahali," na wana sababu, lakini kukunja uso huko ndiko kulikowasukuma baadhi ya wagonjwa wa Kanada kwenye mikono ya wauzaji. Anza hivi: "Daktari, sijaja kubishana. Nimesoma kuhusu vena za shingo na MS, na nimesoma kwamba majaribio ya 2017 hayakuonyesha faida. Naomba unieleze kama katika mishipa yangu ya damu kuna jambo ninaloweza kulifanyia kazi." Daktari akijua kwamba umeshafika hapo, mazungumzo yatakwenda mbele badala ya kuanzia kwenye hotuba. Na kama uliwahi kwenda kutanuliwa vena kimyakimya, mwambie, hasa ukiwa na stenti au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Si siri ya kutunza. Siku ya ajali au ya upasuaji inaweza kukuua.

Kwa kliniki inayokualika, ukali unafaa. Anayekutoza pesa ili ushiriki "utafiti" mtilie shaka mara moja. Dai kibali cha kamati ya maadili: Tanzania vibali vya utafiti wa tiba kitaifa hutolewa na NIMR, Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI. Uliza ni nani atakayekuhudumia ukivuja damu au damu ikiganda ukiwa umesharudi nyumbani. Wengi wa waliosafiri hawakuuliza, na waliporudi wakakuta madaktari wa kwao wanasita kugusa kazi ya mwingine. Puto la shingoni siku hizi limepoa, wauzaji wamehamia kwenye seli shina. Upo upandikizaji wa seli shina ulio wa kweli, unaofanywa na hospitali kubwa kwa baadhi ya wenye MS kali baada ya kufuta kinga ya mwili kwa dawa nzito. Huo ni tofauti kabisa na sindano ya mgongoni inayouzwa kwenye kliniki ya ghorofa ya tatu.

Je, basi mishipa ya damu haihusiki kabisa? Inahusika, na hapa ndipo mazungumzo yenu yanapoweza kuwa na chakula. Mwaka 1863 Mjerumani Rindfleisch, akitazama kwa darubini ubongo wa waliokufa na ugonjwa huu, aliona kwamba katikati ya kila kovu kuna mshipa mdogo wa damu. Katika miaka ya 1930 Tracy Putnam wa Marekani alidhani vena hizo zimeziba kwa damu iliyoganda, na baadaye akawapa wagonjwa dawa za kuzuia damu isigande; hazikusaidia. Leo tunaelewa kwamba vena ndogo ile ni mlango: ndipo chembe za kinga zinapotoka kwenye damu na kuingia kwenye ubongo. MRI za kisasa zinaionyesha kama mstari mweusi katikati ya kovu, na alama hiyo imeingizwa katika vigezo vya McDonald vya kutambua MS, vilivyorekebishwa mwaka 2024, ili kuwasaidia madaktari kutofautisha MS na magonjwa mengine yanayofanana nayo kwenye picha. Wapo pia wanaochunguza jinsi protini ya kugandisha damu, fibrinojeni, inavyovuja ubongoni na kuchochea uvimbe. Hizi ni nadharia za mishipa ya damu zinazostahili jioni zenu.

Iliyo muhimu kuliko zote kwako haina msisimko. Mwaka 2010 Ruth Ann Marrie wa Kanada na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa karibu 9,000. Wasiokuwa na maradhi mengine ya moyo na mishipa walikaa kwa wastani miaka 18.8 tangu kugunduliwa kuwa na MS hadi kuhitaji msaada wa kutembea. Waliokuwa na presha, kisukari, lehemu nyingi au ugonjwa wa moyo walikaa miaka 12.8. Tofauti ya miaka sita. Nawe ukiwa mwanafunzi mzuri utaniuliza papo hapo: je, kuna aliyepiga kura na kuthibitisha kwamba kushusha presha kunachelewesha ulemavu wa MS? Uchambuzi ule haukuthibitisha hilo. Ulionyesha tu kwamba mambo mawili huenda pamoja. Tofauti yake na puto ni kwamba kutibu presha kunakulinda na kiharusi na kuharibika kwa figo hata kama MS haitajali, na dawa zake zipo katika zahanati ya karibu.

Onyo la kutoharakisha lipo hata upande huu. Simvastatini, kidonge cha kushusha lehemu, kilionekana mwaka 2014 kupunguza kasi ya ubongo kusinyaa katika watu 140 wenye MS iliyokomaa. Kila mtu alichangamka, nami nikiwemo. Uingereza ikafanya majaribio makubwa ya watu 964, na mwaka 2024 jibu likatoka: hakikupunguza kasi ya ulemavu. Kama unakitumia kwa ajili ya moyo, endelea. Usikitumie kwa ajili ya MS.

Kuhusu chanzo, upepo kwa sasa unavuma upande wa virusi. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, wakitumia kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, walionyesha kwamba hatari ya kupata MS iliongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1964 katika sampuli za uvimbe wa watoto zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London, kwa hiyo Afrika Mashariki imo katika hadithi hii tangu mwanzo. Karibu kila mtu mzima anavyo, na wengi mno hawapati MS. Bado kuna kitu kingine kinachohitajika. Wauzaji wa "kusafisha virusi" wameshaanza kazi, nawe maswali ya kuwauliza umeshayajua.

Kwa msomaji wa huku kwetu kuna mambo mawili yanayostahili nafasi ya juu kuliko nadharia yoyote. Kwanza, hakikisha unachougua ni MS. Upo ugonjwa unaoitwa nyuromailitisi optika, unaofanana nao kwa kupofusha macho na kupoozesha miguu, na watu weusi hawauepuki. Baadhi ya dawa za MS huuzidisha. Kipimo cha damu cha kingamwili za akwaporini 4 husaidia kuutambua, kwa hiyo muulize daktari kama ulifanyiwa. Pili, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hiyo ya tatu madaktari wa saratani wa nchi zetu wanaijua siku nyingi. Kikundi cha wagonjwa kinachotaka kupigania kitu kipeleke barua wizarani kuhusu dawa hizo, kwa nguvu ileile ambayo Wakanada waliitumia kwa ajili ya vena.

Na mwenye sigara mfukoni aitupe: uvutaji huharakisha MS, hilo halina ubishi. Kisha wiki hii pita kituo cha afya, pimwa presha na sukari, uziandike namba hizo katika daftari lile la mita nane, na siku ya kikundi uwaombe wenzako nao walete za kwao.